Shilingi Tulilipa, Dola Hazikwenda

Mwaka 1981 nilikuwa karani wa hesabu katika kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya pamba, Mwanza, upande wa barabara ya Musoma. Leja zilikuwa zangu, mishahara ilikuwa yangu, na kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Bwiru na Kiingereza changu hakikuwa cha kubahatisha, barua za ng'ambo nazo ziliangukia mezani kwangu. Deni la nchi nilianza kulijua humo, ndani ya barua, miaka mingi kabla halijawa habari ya kila siku ya bajeti.

Barua hizo zilitoka kwa kampuni moja ya kaskazini mwa Uingereza iliyokuwa ikituuzia shafti za mashine za kukamulia na pete zake za chuma. Shafti huliwa na mbegu. Msimu mmoja ukiwa mzuri, wa pili meno yamekwisha na mashudu yanatoka yakiwa bado na mafuta yake. Kwa hiyo tuliagiza mara kwa mara, na kila mwezi barua ikaja: kwa heshima zote, ankara yetu haijalipwa. Nami nikajibu kwa heshima zilezile: tumelipa, tafadhali tazama nakala ya risiti ya benki iliyoambatanishwa. Mwezi uliofuata: kwa heshima zote, hatujapokea kitu.

Wao walisema kweli, na mimi nilisema kweli.

Mambo yalikwenda hivi. Mzigo ukishapakiwa melini, hati zake zilitumwa benki, hazikuja kwetu. Benki ya biashara ilikuwa moja tu Tanzania Bara tangu mabenki yalipotaifishwa mwaka 1967, kwa hiyo hapakuwa na pa kuchagua. Benki ikituita, bosi aliandika hundi ya shilingi kwa kiwango cha siku ile, akakabidhiwa hati, wakala wetu Dar es Salaam akautoa mzigo bandarini, na treni ikauleta Mwanza. Kwetu sisi shughuli iliishia hapo. Kilichobaki ni Benki Kuu kuzigeuza zile shilingi kuwa pauni na kuzipeleka Uingereza. Pauni hazikuwepo. Shilingi zetu zikaingizwa katika akaunti ya malipo ya nje yaliyochelewa, pamoja na za wenye viwanda, wenye maduka na mashirika ya umma ya nchi nzima, zikingoja zamu.

Kila Jumatatu nilikwenda kuulizia. Karani wa dirisha la fedha za kigeni alikuwa kijana wa rika langu, na jibu lake lilikuwa moja: "Bado, ndugu." Mwishowe akawa ananiona mlangoni na kutikisa kichwa, nisisumbuke kupanga foleni.

Bosi wangu alikuwa Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Mwanza, mwenye Kisukuma kizuri kuliko changu mimi Mkerewe. Akipiga soga na wapagazi wa magunia, mgeni angedhani wanagombana. Siku moja alinisomea barua ya Uingereza kwa sauti, akaikunja, akasema: "Hawa wanadhani mimi mwizi. Baba yangu alinunua kwao tangu wakati wa Mwingereza, hakuchelewesha hata senti." Kilichomuuma ni hicho cha jina kuliko cha fedha, maana fedha alikwisha kutoa.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu watu wakizungumza juu ya madeni ya nchi kama zetu hufikiria mtu kaenda kukopa: waziri kasaini, fedha zimeingia, barabara imejengwa au haikujengwa. Madeni ya namna hiyo tulikuwa nayo pia, na Kanda ya Ziwa ilipata sehemu yake. Mwaka 1974 Benki ya Dunia ilikopesha dola milioni 17.5 kwa Mradi wa Pamba wa Geita, wakati huo Geita ikiwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Ulikuwa mkopo wa masharti nafuu wa kulipwa kwa miaka 50, maana yake marejesho ya mwisho yalipangwa kufika mwaka 2024. Lengo lilikuwa pamba iongezeke. Lakini mwaka huohuo Operesheni Vijiji ilikuwa inawahamisha wakulima wenyewe kutoka kwenye mashamba waliyoyazoea, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, kile cha Nyanza kilichokuwa nguzo ya wakulima huku kikiwa kimojawapo. Malipo ya pamba yakachelewa. Msukuma hahitaji kufundishwa mara mbili: alipanda mahindi na mpunga, vitu ambavyo akikosa mnunuzi atakula. Pamba ilishuka, na mkopo wa pamba ukabaki vitabuni.

Na pamba ndiyo ilikuwa dola yetu. Kiwandani tuliona upungufu kabla ya wakubwa kuusema, kwa sababu mbegu zetu zilitoka kwenye viwanda vya kuchambulia pamba, na magunia yalipopungua tulijua kwamba marobota ya kwenda ng'ambo nayo yamepungua. Juu ya hapo yakaja mengine mfululizo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, ikabidi tununue upya ndege na vifaa vya reli vilivyokuwa vya wote. Bei ya kahawa iliyopanda sana mwaka huo ikaporomoka. Mafuta ya petroli yakapanda tena mwaka 1979. Na katikati ya hayo, vita.

Vita vya Kagera, dhidi ya Uganda ya Idi Amin, watu wa Mwanza tulivisikia kwa masikio. Malori ya watu binafsi yalitakiwa, letu likiwemo. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja kupiga mji. Shabaha yake ilikuwa matangi ya mafuta. Ikakosa. Makombora yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Tulicheka baadaye, siku ile hakuna aliyecheka. Gharama ya vita hukadiriwa kufikia dola milioni 500, na marafiki wengi waliotupongeza kwa kumwondoa Amin hawakutusaidia kulipa.

Mwishoni mwa mwaka huo walikuja wataalamu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Walitaka shilingi ishushwe thamani na matumizi ya Serikali yapunguzwe. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliona hakuna njia ila kuelewana nao. Mwalimu Nyerere alikataa, na Mtei akajiuzulu Desemba 1979. Siku ya mwaka mpya Mwalimu aliwaambia mabalozi kwamba IMF haikuchaguliwa na mtu kuwa wizara ya fedha ya dunia. Kiwandani tulimshangilia, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Bosi hakushangilia wala hakubisha. Aliniuliza tu: "Na pauni za yule Mwingereza, zitatoka wapi?"

Hazikutoka. Mwaka 1982 kampuni ile iliandika kwamba haitapakia tena chochote mpaka ilipwe kwanza, na fundi wetu mkuu, mtu wa Magu, akaanza kujaza meno ya shafti kwa kulehemu. Kazi yake ilikuwa ya kupendeza kutazama lakini haikudumu. Kwa hiyo tukaona ajabu: foleni ya mafuta ya kula imezunguka duka la ushirika, mbegu zipo godauni kwetu, na mashine mbili kati ya nne zimelala. Mafuta ya Kimbo ya magendo kutoka Kenya yaliingia kwa mitumbwi na kwa njia ya Sirari. Wenye ndugu Kisumu walionekana watu wa maana.

Mwaka 1983 ikaja operesheni ya Waziri Mkuu Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi. Walipofika kwetu walihesabu mapipa, wakalinganisha na leja yangu, wakaondoka. Mjini ilivuma kwamba wafanyabiashara walikuwa wanatupa bidhaa ziwani usiku. Sikuona, lakini wavuvi wa Kirumba walisimulia wiki nzima na kila msimulizi akiongeza vitenge.

Sasa nije kwenye hesabu, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Chukua ankara ya dola 10,000. Mwaka 1981 dola ilikuwa shilingi 8 na senti kama 30. Mnunuzi alipeleka benki shilingi 83,000 na jambo likaisha kwake. Mwaka 1984 dola ilifika shilingi 17. Katikati ya mwaka 1986, Rais Mwinyi alipokuwa ameshika nchi na Mpango wa Kufufua Uchumi ukaanza kwa makubaliano na IMF, ilifika 40. Mwaka 1995 ilizidi 570. Mwaka 2005 ilizidi 1,100. Zile shilingi 83,000 zilikuwa zimelala katika akaunti zikiwa 83,000, na deni lilikuwa limelala Uingereza likiwa dola 10,000, ambazo kufikia 2005 zilihitaji shilingi milioni 11 na zaidi. Tofauti hiyo hakuikopa mtu. Hakuna waziri aliyeisaini, hakuna Bunge lililoijadili, hakuna shule wala zahanati iliyojengwa nayo. Ilikua yenyewe, na aliyebebeshwa ni Hazina, yaani mlipa kodi. Ongeza riba ya ucheleweshaji juu yake. Nikisoma katika magazeti kwamba nchi fulani deni lake limepanda mara mbili, swali langu la kwanza huwa ni kiasi gani kilikopwa na kiasi gani kiliota.

Ankara zetu zilikwenda njia mbili tofauti, na njia hizo nimeweza kuzifuata mpaka mwisho wake.

Ile kampuni ya Uingereza ilikuwa imekata bima kwa idara ya Serikali yao inayowakinga wauzaji wa nje. Siku moja barua ikaja, fupi, bila "kwa heshima zote": wamekwisha kufidiwa, na deni sasa ni la Serikali ya Uingereza. Bosi aliisoma mara mbili. Shafti tulizoagiza sisi kwa hundi yetu, tukazilipia, tukazitumia mpaka zikaisha, zilikuwa zimegeuka kuwa deni la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania kwa serikali nyingine. Septemba 1986 nchi wakopeshaji, wale wanaokutana Paris na ambao kundi lao huitwa Klabu ya Paris, walikubali kwa mara ya kwanza kutusogezea mbele tarehe za kulipa. Kusogeza si kufuta. Riba iliendelea kuhesabiwa, na tulirudi Paris mwaka 1988, 1990, 1992, 1997. Kila tuliporudi jumla ilikuwa kubwa zaidi, ingawa kwa miaka hiyo kiwanda chetu hakikuwa kimeagiza hata parafujo kutoka kule.

Njia ya pili ilikuwa ya Mjerumani mmoja mdogo aliyetuuzia vitambaa vya kuchujia mafuta. Yeye hakuwa na bima. Deni lake lilibaki katika ile akaunti, ambayo baadaye ilihamishiwa Benki Kuu na kujulikana kwa herufi tatu, EPA. Aliendelea kuandika mpaka 1988, kisha akanyamaza. Ama alikata tamaa, ama alifariki, ama aliliuza deni kwa mtu wa kununua madeni mabovu, maana biashara hiyo ilikuwepo na bado ipo.

Miaka ya tisini mambo yaligeuka juu chini. Wafadhili walileta dola za kuagizia bidhaa, nao waliopewa walitakiwa kulipa shilingi zake Serikalini. Wengi walichukua dola na shilingi hawakulipa. Sisi tulikuwa tumelipa shilingi tukakosa dola! Mwaka 1994 wafadhili walichoka na misamaha ya kodi na ubabaishaji wa namna hiyo, wakazuia misaada. Kiwanda chetu hakikusubiri kuona mwisho wa ugomvi huo: mafuta ya mawese ya nje yalikuwa yamejaa sokoni kwa bei ambayo mbegu ya pamba haiwezi kushindana nayo, na bosi akafunga milango. Wanawe walikuwa Leicester, Uingereza, tangu zamani. Mimi nikahamia viwanda vya samaki, kama nusu ya Mwanza. Minofu ya sangara ilikwenda Ulaya kwa ndege na dola zilirudi, mpaka Ulaya walipoifunga milango yao kwa vipindi kati ya 1997 na 1999, tukajifunza kwamba hata dola ya ziwani inategemea mtu mwingine ameamkaje.

Mwishoni mwa miaka hiyo deni la nje lilikuwa limepita dola bilioni 7 katika nchi ambayo wazazi wengi walishindwa ada ya shule ya msingi. Makanisa, vyama vya hiari na watu wa mabara mengi walipiga kelele wakitaka mwaka 2000 uwe mwaka wa kusamehe. Mwalimu, ambaye zamani aliuliza kama tuwaache watoto wafe njaa ili tulipe madeni, hakuishi kuona majibu. Alifariki Oktoba 1999. Aprili 2000 Tanzania ilikubaliwa katika mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, na Novemba 2001, chini ya Rais Mkapa, ikamaliza masharti. Msamaha ulikadiriwa kuwa dola bilioni 3 katika miaka ya mbele. Uingereza ilifuta yote iliyotudai. Ndipo, nadhani, shafti zetu za mwaka 1981 zilipofutwa, na sikuona popote zikitajwa.

Januari 2002 ada ya shule ya msingi iliondolewa. Hilo sikulisoma gazetini, nililiona Igoma asubuhi moja: watoto wa miaka saba na wa miaka kumi na miwili mstari mmoja, wote darasa la kwanza, na mwalimu mkuu akiwapanga chini ya mti kwa sababu vyumba vimejaa. Nchi nzima wanafunzi wa msingi walipanda kutoka kama milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7 mwaka 2004. Madawati na walimu havikupanda hivyo, na kuna waliomaliza wakiwa hawasomi vizuri. Bado sijapata mtu wa kunishawishi kwamba ingekuwa heri wangebaki majumbani. Mwaka 2006 Benki ya Dunia, IMF na Benki ya Maendeleo ya Afrika walifuta sehemu kubwa ya walichobakiwa wakitudai, deni la nje likashuka kwa karibu nusu. Mkopo wa pamba ya Geita haukufika 2024.

Halafu zile herufi tatu zikarudi. Septemba 2007 upinzani ulitaja hadharani, Mwembe Yanga, Temeke, tuhuma za wizi Benki Kuu. Tarehe 9 Januari 2008 Ikulu ilitoa matokeo ya ukaguzi: katika mwaka wa fedha 2005/06 kampuni 22 zililipwa shilingi bilioni 133 kutoka akaunti ya EPA isivyo halali. Nyingi zilikuja na hati za kughushi zikidai kwamba wauzaji wa nje wamezihamishia madeni yao. Gavana aliondolewa, baadhi ya watu wakafikishwa mahakamani Kisutu, na zaidi ya shilingi bilioni 50 zikarejeshwa. Vijana ofisini walikuwa wanaulizana EPA ni nini. Niliwaeleza, na nilipomaliza mmoja akasema, "Kwa hiyo mzee, wale wazungu hawakulipwa mpaka leo, ila kuna mtu kalipwa kwa niaba yao?" Nikamwambia ameelewa kuliko Bunge.

Nilimpigia simu mtoto wa kwanza wa bosi, Leicester. Baba yake alikuwa amefariki. Akaniuliza kama zile nakala za risiti bado ninazo. Sina, zilibaki kiwandani, na kiwanda sasa ni godauni la saruji. Akacheka, akasema baba yake mpaka siku za mwisho alikuwa akipita mbele ya majengo ya wauzaji mashine huko Uingereza akigeuza uso.

Hesabu za leo ni nyingine kabisa. Machi 2025 deni la Serikali lilipita shilingi trilioni 107, karibu theluthi mbili yake la nje. Spika Ndugai alipolalamika mwishoni mwa 2021 kwamba ipo siku nchi itapigwa mnada, kelele zilikuwa kubwa mpaka akajiuzulu mwezi uliofuata; wakati huohuo fedha za mkopo wa IMF wa uviko zilikuwa zinapandisha vyumba vya madarasa 15,000 nchini, na vingine nimeviona kwa macho Misungwi na Sengerema, ni vizuri. Siogopi ukubwa wa deni. Ninachotazama ni nani anadai, kwa sarafu gani, na dola za kulipia zinatoka wapi. Zamani tulidaiwa zaidi na serikali na mashirika ambayo, wakibanwa na makanisa yao, waliweza kusamehe. Sasa sehemu isiyo ndogo ni ya mabenki ya biashara, na benki ya biashara haina kanisa. Tuna dhahabu ya Geita na watalii, pamba peke yake haibebi tena nchi, hilo ni heri. Lakini mwaka 2023 na 2024 nililisikia tena neno nililodhani limezikwa: dola hakuna.

Nililisikia kwa mjukuu wa dada yangu, anayeuza vipuri vya bodaboda Makoroboi. Alikuwa na shilingi zake tayari, benki ikamwambia asubiri. "Babu, kwani enzi zenu mlifanyaje?" Nikamuuliza kwanza kama amekwisha kuchukua mzigo. Akasema nusu umeshauzwa. Nikamuuliza deni limeandikwa kwa jina la nani, lake au la benki. Akasema ni lake, na Mchina wa Guangzhou anampigia kwa video kila asubuhi kabla hajafungua duka.